Mtandao Unasoma, Kurasa Hazifunguki: Seva ya Majina Inapoangushwa

Pale Makambako, barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma inapoachana na ile ya Njombe na Songea, ipo kazi moja ambayo stendi haiwezi kwenda bila yake: kazi ya yule anayejua gari lipi linakwenda wapi. Mgeni anashuka na mzigo wake, anauliza gari la Ludewa, la Makete au la Songea, anaonyeshwa kwa kidole, anapanda, anaondoka zake. Sasa chukulia kwamba siku hiyo mtu huyo kaanguka na kuzimia, na hakuna mwingine anayejua. Mabasi yapo na yana mafuta. Barabara ni nzima. Nauli iko mfukoni. Ila abiria wamesimama na mabegi yao, huyu analaumu madereva, yule analaumu barabara, na hakuna aliyewaza kwenda kumtazama aliyezimia.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye intaneti seva ya majina inapoangushwa. Vijiti vya mtandao vimejaa, bando limenunuliwa asubuhi, 4G inasoma juu ya kioo, lakini kila ukurasa unazunguka tu. Mwenye stesheneri anazima simu na kuiwasha. Mteja aliyekuja kuchapiwa kontroo namba ya malipo ya serikali anatazama saa. Baada ya nusu saa kuna watu wameshanunua bando la pili ambalo halikuhitajika, na wengine wameshabadilisha laini.

Makala hii ni kwa ajili ya watu hao. Zaidi ni kwa ajili ya yule mmoja katika shule, SACCOS, hoteli, kiwanda cha chai au ofisi ya halmashauri ambaye kile kichumba chenye seva kiko chini ya mamlaka yake, iwe analijua hilo au halijui.

Anayejibu ni nani

Kompyuta hutafutana kwa namba. Binadamu hukumbuka majina. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kuunganisha mambo hayo mawili, na mwaka 1987 ukaandikwa katika kanuni ambazo hadi leo ndizo msingi. Utaratibu huo unaitwa DNS. Anwani kama njombe.go.tz ni jina la kikoa. Nyuma yake kuna namba, na simu yako haiwezi kufungua ukurasa kabla haijaipata namba hiyo.

Wanaojibu wako wa aina mbili, na ni muhimu kuwatofautisha kwa sababu kila mmoja akianguka dalili zake ni tofauti. Wa kwanza ni seva ya kuulizia. Hii kwa kawaida ni ya kampuni ya simu au ya mtoa huduma wa intaneti, na wakati mwingine ni kisanduku cha Wi-Fi kilichowekwa juu ya kabati ofisini. Haina majibu yake yenyewe. Inachukua swali lako, inakwenda kuulizia kwa niaba yako, kisha inaweka jibu kwenye kumbukumbu kwa muda ili jirani yako akiuliza jambo lilelile isisafiri tena. Wa pili ni seva yenye jibu la asili, ile iliyowekwa na mwenye kikoa kutamka kwamba jina langu liko kwenye namba hii. Kati yao kuna ngazi: seva za mzizi wa dunia nzima, halafu seva za .tz, halafu za mwenye jina.

Seva ya kuulizia ikianguka, wote wanaoitegemea hawafungui chochote, hata kama dunia nyingine yote iko salama. Seva ya mwenye jina ikianguka, ni jina hilo tu linalopotea, lakini linapotea kwa kila mtu, awe Njombe au Nairobi.

Ulimwengu ulikwishalionja hilo la pili tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa takriban saa sita. Hakuna aliyewashambulia, kosa la matengenezo lilikata njia za kwenda kwenye vituo vyao, na seva zao za majina zikaacha kufikika. Kompyuta zenye picha na ujumbe wa watu zilikuwa hai muda wote huo. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikia na wa kumwuliza zilipo.

Pakiti moja

Programu ya DNS iliyoenea kuliko nyingine kwa miaka mingi inaitwa BIND. Ilianza kuandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo inatunzwa na shirika lisilo la faida la Internet Systems Consortium, kwa kifupi ISC. Tarehe 28 Julai 2015 shirika hilo lilitangaza udhaifu uliogunduliwa na mtafiti Jonathan Foote, ukapewa namba CVE-2015-5477. Nataka tukae kidogo kwenye udhaifu huu, kwa sababu ukiuelewa huu mmoja, matangazo mengine ya namna hii hayatakutisha.

Kuna swali la DNS la aina ya TKEY, ambalo kompyuta mbili hulitumia kukubaliana ufunguo wa siri. BIND inapolipokea huitafuta rekodi ya TKEY kwanza katika sehemu ya ziada ya ujumbe. Isipoiona huko huitafuta katika sehemu ya majibu, kwa kuwa Windows 2000 ilikuwa na desturi ya kuiweka huko. Kati ya utafutaji wa kwanza na wa pili kulikuwa na kisanduku kidogo cha kumbukumbu ambacho kilipaswa kiwe kitupu. Kwa mgeni wa kawaida kilikuwa kitupu kweli. Lakini mtu akiupanga ujumbe kwa makusudi, akaweka jina lilelile linaloulizwa katika sehemu ya ziada huku aina ya rekodi ikiwa nyingine, kisanduku kilibaki na kitu ndani.

Waandishi wa BIND walikuwa wameweka wakaguzi ndani ya programu yao. Mkaguzi akikuta hali ambayo kwa hesabu za mwandishi haiwezekani kuwepo, habahatishi. Anaifunga programu yote papo hapo. Ninaiheshimu kanuni hiyo. Seva ya majina iliyochanganyikiwa ikaendelea kujibu inaweza kumpeleka mteja wa benki kwenye ukurasa wa tapeli, na kunyamaza ni nafuu kuliko hilo. Tatizo ni kwamba yeyote aliyejua jinsi ya kumshtua mkaguzi aliweza kuinyamazisha seva kwa pakiti moja. Hakuhitaji nywila, wala jeshi la kompyuta, wala intaneti ya kasi.

Udhaifu ulikuwamo tangu toleo la 9.1.0 hadi matoleo yote ya BIND 9 yaliyokuwa yakitumika wakati huo. Uligusa seva za kuulizia na seva za wenye majina vilevile. Orodha za kuruhusu na kukataa, ambazo wasimamizi wengi huzitegemea kama uzio, hazikusaidia, kwa sababu sehemu yenye kasoro ilikuwa ikifanya kazi kabla orodha hizo hazijatazamwa. Dawa ilikuwa moja: kuweka toleo jipya. Na marekebisho yenyewe, ukiyatazama, ni mstari mmoja wa kodi unaokifuta kile kisanduku kabla ya utafutaji wa pili. Siku chache baada ya tangazo, watu walishaanza kuangusha seva ambazo hazikurekebishwa. Mlango uliotangazwa kuwa na kasoro husomwa na fundi na mwizi kwa wakati mmoja, na mwizi hana vikao vya kuidhinisha.

Hakuna kilichoibwa katika shambulio la namna hii. Nywila hazisomwi, fedha hazihamishwi. Ndiyo maana huitwa shambulio la kunyima huduma, na ndiyo maana viongozi wengi wa ofisi hulipuuza: wakisikia hakuna data iliyovuja wanapumua. Lakini mkulima wa parachichi anayesubiri mnunuzi athibitishe oda kwa barua pepe, au mgonjwa aliyesimama dirishani huku kadi yake ya bima haiwezi kuhakikiwa, anajua kwamba huduma isiyofikika ni hasara kamili.

Zaidi ya miaka minane baadaye likaja jingine la kina zaidi. Tarehe 13 Februari 2024 watafiti wa kituo cha ATHENE nchini Ujerumani, Elias Heftrig, Haya Schulmann, Niklas Vogel na Michael Waidner, walitangaza udhaifu walioupa jina KeyTrap, namba CVE-2023-50387. Safari hii kosa halikuwa la programu moja. Lilikuwa katika kanuni zenyewe za DNSSEC, ule mfumo wa kutia sahihi majibu ili yasighushiwe. Kanuni zinamtaka mhakiki asikate tamaa mapema: akiwa na funguo kadhaa zenye alama moja na sahihi kadhaa, ajaribu kila ufunguo kwa kila sahihi. Mtu mwenye nia mbaya aliweza kutayarisha kikoa chenye shehena ya funguo na sahihi, kisha kuifanya seva ya kuulizia itafute jina humo. Jibu moja tu, na seva ingezama kwenye mahesabu huku wateja wake wote wakingoja. Katika BIND watafiti walionyesha kwamba jibu moja liliweza kuikwamisha kwa hadi saa 16.

Chanzo cha kanuni hiyo kilikuwa kimeandikwa tangu mwaka 1999. Robo karne. Wataalamu wa dunia nzima waliisoma, wakaitekeleza, wakaifundisha, na hakuna aliyeiona kasoro yake. Wenye programu waliarifiwa kimya kimya miezi kadhaa kabla, ndiyo maana siku ya tangazo marekebisho yalikuwa tayari: BIND 9.16.48 na 9.18.24, Unbound 1.19.1, dnsmasq 2.90, na masasisho ya Windows Server ya mwezi huohuo.

Msomaji asichanganye haya na mafuriko. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen la Kenya, lililokuwa na huduma za serikali zaidi ya 5,000 wakati huo, lilizidiwa na wimbi la maombi ya uongo. Waziri wa TEHAMA wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililohusika, na mwezi Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani. Wasafiri waliokwama na viza, abiria wa treni na wanunuzi wa umeme waliumia bila kuibiwa hata shilingi. Yale yalikuwa mafuriko: nguvu nyingi kutoka pande nyingi, na kinga yake ni kuwa na njia pana na msaada wa kampuni kubwa za kuchuja. Udhaifu wa programu ni jambo tofauti, na una nafuu yake. Hauhitaji bajeti kubwa kuuzuia. Unahitaji mtu aliyeweka toleo jipya kwa wakati.

Ukiwa na simu tu

Kabla hujanunua bando la pili, tazama mambo machache. Piga menyu ya fedha kwa nyota na alama ya reli, mfano *150*00# kwa M-Pesa. Menyu hizo hazipiti kwenye intaneti ya simu yako na haziulizi majina ya vikoa kutoka kwenye kioo chako. Kama menyu inafunguka na kurasa hazifunguki, simu yako na mnara havina kosa, na pengine malipo yaliyokuwa yakikusubiri kwenye programu unaweza kuyakamilisha kwa menyu hiyo. Tazama pia programu iliyokuwa wazi tangu mwanzo. Mara nyingi mazungumzo yaliyokwisha kuunganishwa huendelea kwa muda wakati kurasa mpya zinagoma, kwa sababu yale ya zamani yalishapata namba yake na hayana haja ya kuuliza tena. Dalili hizo mbili zikikutana, mshuku anayejibu majina.

Mwenye kompyuta anaweza kupata uhakika ndani ya dakika moja. Fungua dirisha la amri uandike ping 9.9.9.9. Hiyo ni namba ya Quad9, huduma ya wazi ya majina. Ikijibu, njia ya kutoka Makambako hadi nje ni nzima. Kisha andika nslookup tcra.go.tz. Ikigoma, andika nslookup tcra.go.tz 9.9.9.9, yaani uliza swali lilelile lakini kwa mtu mwingine. Wa pili akijibu na wa kwanza akikaa kimya, umempata mgonjwa: ni seva ya kuulizia unayopewa na mtoa huduma wako au kisanduku chako mwenyewe cha Wi-Fi. Wote wawili wakishindwa jina hilo lakini wakajibu mengine, tatizo liko kwa mwenye jina, na huna la kufanya ila kusubiri au kumpigia simu.

Linganisha na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Afrika Mashariki ikabaki na intaneti ya kusuasua. Siku kama hiyo hata namba za nje hazijibu, au zinajibu kwa kujikokota, na kubadilisha seva ya majina hakusaidii kitu.

Ukishajua mgonjwa ni seva ya kuulizia, unaweza kuhamia kwa nyingine. Kwenye kompyuta au kwenye Wi-Fi ya ofisi, mipangilio ya mtandao ina sehemu ya DNS yenye nafasi mbili. Weka wajibu wa taasisi mbili tofauti, mfano 9.9.9.9 ya Quad9 na 8.8.8.8 ya Google, au wa mtoa huduma wako kwanza na mmoja wa hao awe wa akiba. Kuweka anwani mbili za taasisi moja ni sawa na kuwa na funguo mbili za kufuli moja lililovunjika. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina kipengele cha DNS ya faragha ambapo unaandika jina kama dns.quad9.net. Kina faida, kwa kuwa maswali yako husafiri yakiwa yamefichwa. Lakini usikitegemee peke yake, maana mara nyingi simu hulazimika kwanza kuuliza jina hilo lenyewe kwa seva ya mtoa huduma ambayo ndiyo imeanguka. Na kwenye Wi-Fi za nyumba za wageni zinazokutaka uingie kwa ukurasa wa nywila kinaweza kukuzuia; kirudishe kwenye hali ya kawaida, ingia, kisha ukiwashe.

Ujue pia kwamba ukihamia kwa mjibu wa nje, orodha ya majina unayoyatafuta inaonwa na taasisi hiyo. Huo ni uamuzi wako kuufanya ukiwa na habari kamili.

Kuna jambo moja la kwetu linalowasumbua watu Njombe na ambalo si shambulio kabisa. Umeme ukikatika kisha ukarudi, visanduku vingi vya bei nafuu huamka na saa iliyorudi mwaka 1970 kwa kuwa havina betri ya saa. Kama kisanduku kinahakiki sahihi za DNSSEC, kitaziona zote kuwa ni batili hadi kipate saa sahihi. Kikirudisha intaneti baada ya dakika kadhaa bila wewe kugusa kitu, hiyo ndiyo sababu ya kuangalia kwanza.

Ukiwa na seva chini yako

Sasa nazungumza na mwenye dhamana. Katika miji yetu hii hatari kubwa kuliko zote haimo kwenye ustadi wa mshambuliaji. Imo kwenye seva isiyo na mwenyewe. Kijana hodari aliiweka miaka kadhaa iliyopita, ikafanya kazi vizuri, akapata ajira Dodoma au Dar es Salaam, akaondoka. Seva ikabaki chumbani ikizunguka. Haijawahi kusumbua, kwa hiyo hakuna anayeigusa. Nywila yake ipo kwenye daftari la mtu ambaye namba yake ya simu imebadilika. Tangazo la Julai 2015 lilipotoka, tangazo la Februari 2024 lilipotoka, na yale ya katikati, hakuna aliyelisoma kwa niaba ya seva hiyo. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu vijana wanaoziweka seva hizi wanafanya kazi nzuri na kwa malipo madogo. Anayewaangusha ni mwajiri asiyeandika jina la mrithi.

Anza kwa kujua ulichonacho. Kwenye mashine ya Linux amri named -v hukutajia toleo la BIND, unbound -V la Unbound, na dnsmasq --version la dnsmasq, ambayo imo pia ndani ya visanduku vingi vya Wi-Fi. Soma namba hiyo kwa uangalifu. Tawi la BIND 9.16 lilifikia mwisho wake Aprili 2024, maana yake ISC hawaliandalii tena marekebisho. Lakini kama uliiweka kutoka ghala la Debian, Ubuntu au Red Hat, wenye ghala hupandikiza marekebisho ndani ya namba ya zamani bila kuibadilisha, hivyo namba peke yake inaweza kukutia hofu bure au kukupa amani bure. La kuangalia ni kama masasisho ya usalama ya ghala hilo yanaingia kweli kwenye mashine yako, na kama toleo la mfumo wenyewe bado linahudumiwa. Zipo mashine zinazotumia mfumo uliokwisha muda wake zamani, na hapo amri ya kusasisha hujibu kwamba kila kitu ni kipya kwa kuwa hakuna anayetuma chochote.

Baada ya kusasisha, anzisha upya huduma. Inaonekana jambo dogo, ila programu iliyokwishapakiwa kwenye kumbukumbu huendelea na kasoro yake hadi ifungwe na kufunguliwa. Nenda pia kwenye kumbukumbu za matukio utafute maneno assertion failure. Ukiyakuta na saa za kuanguka zinajirudia, uwezekano ni mkubwa kwamba kuna mtu alikuwa akiigonga seva hiyo. Kuiwekea mpango wa kujiwasha yenyewe kila inapoanguka ni vizuri, mradi usidhani umetibu: anayetuma pakiti moja anaweza kutuma nyingine sekunde hiyohiyo.

Kisha angalia seva yako inamjibu nani. Seva ya kuulizia ya shule au ofisi haina sababu ya kumjibu mtu wa mji mwingine. Katika BIND, allow-recursion iandikwe kwa mitandao ya ndani tu. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo watoa huduma wadogo wa Wi-Fi wanazipenda, kipengele cha Allow Remote Requests kikiwashwa ruta hujibu maswali ya DNS kutoka kila upande, pamoja na upande wa intaneti, hadi uweke kanuni za kuzuia mlango namba 53 kwa UDP na TCP upande huo. Wengi hukiwasha ili wateja wao wapate majina, na hawajui kwamba wameifungulia dunia. Kifaa cha namna hiyo si tu kinaweza kuangushwa. Kinaweza pia kutumiwa kuwapiga wengine, kwa kuwa swali dogo lenye anwani ya kughushi huzaa jibu kubwa linalomwangukia mtu asiyehusika.

Wakati wa KeyTrap kulikuwa na waliozima uhakiki wa DNSSEC ili wapate nafuu. Kwa saa chache za kusubiri marekebisho naelewa. Kuuacha umezimwa miezi ni kuondoa kufuli kwa sababu ufunguo ulikwama.

Wenye vikoa vyao wenyewe wana jukumu jingine. Kanuni za DNS tangu mwaka 1987 zinataka kila kikoa kiwe na seva zisizopungua mbili. Wengi hutimiza kwa kuweka mbili ndani ya kabati moja, kwenye waya mmoja wa umeme, zikiendesha programu moja ya toleo moja. Mkulima wa viazi wa Njombe angewaonya: ukijaza shamba lote mbegu ya aina moja na ukungu ukaja msimu wa baridi na mvua, unavuna majani meusi mwanzo hadi mwisho wa shamba. Weka ya pili kwa mtoa huduma mwingine, katika mji mwingine, na ikiwezekana iendeshe programu nyingine, mfano NSD au Knot pembeni ya BIND. Udhaifu wa Julai 2015 ulikuwa wa BIND. Aliyekuwa na ya pili ya aina nyingine alipata muda wa kufanya marekebisho mchana kweupe bila mteja kujua. Kama kikoa chako kinaishi kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, waulize kwa maandishi: seva zenu za majina ziko ngapi, ziko wapi, na nani huzisasisha? Kampuni makini itajibu bila kukasirika.

Kwa seva za kuulizia za BIND, kuna pia mpangilio wa stale-answer-enable, unaoiruhusu kutoa jibu la zamani lililo kwenye kumbukumbu pale mwenye jina asipofikika. Jibu la jana si kamili, ila kwa majina mengi namba ya jana ndiyo ya leo.

Neno kwa vijana wanaojifunza usalama wa mitandao vyuoni. Programu za kujaribia udhaifu huu zinapatikana, na kishawishi cha kuijaribu seva ya ofisi fulani ili kuona kama itaanguka kipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuzuia mfumo wa kompyuta usifanye kazi kuwa kosa la jinai. Jaribu kwenye mashine zako mwenyewe, ukiwa umezitenga na mtandao. Na ukigundua seva ya taasisi ina toleo bovu, hilo huonekana bila kuigonga, waandikie wenyewe.

Taasisi iliyoshambuliwa ina mahali pa kupeleka taarifa. TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, imo ndani ya TCRA kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na tovuti yake ni tzcert.go.tz. Pia huchapisha tahadhari, na inafaa mtu mmoja ofisini awe na kazi ya kuzisoma. Ukitoa taarifa, usiandike tu kwamba mtandao ulikuwa mbovu. Andika saa ilipoanza na saa ilipoisha, majina yaliyogoma, programu na toleo lake, na mistari ya kumbukumbu za matukio kama ilivyo, bila kuisahihisha. Usiizime mashine na kuipakia upya mfumo kabla hujaihifadhi mistari hiyo, maana ukiifuta, atakayekuja kukusaidia hatakuwa na pa kuanzia.

Na leo hii, kabla ofisi haijafungwa, chukua karatasi moja. Andika jina la programu ya DNS iliyomo ndani ya seva au kisanduku chenu, toleo lake, tarehe iliyosasishwa mara ya mwisho, jina la anayeihudumia na jina la atakayeihudumia huyo akihama. Usiandike nywila, hiyo ikae kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya mkuu wa ofisi. Karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa chumba cha seva, na chini yake iachwe nafasi tupu ya tarehe zijazo.